Ushanga wa Mtani

Mpika, 11 Mei 2014

Mtani wangu Zelipa,

Nakusalimu wewe, Baba Tisauke na wote wanaokula panya chini ya paa hilo. Hujambo? Ile miguu bado inavimba? Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Kasuba anafundisha palepale, mkewe ana mimba ya pili na hataki kuona dagaa wa kapenta hata kwa mbali. Nyumba zetu za reli zimepakwa rangi upande wa barabarani tu. Kule nyuma ulikokuwa ukianika nguo zako kuko vilevile, hata ile kamba yako ipo.

Naandika barua kwa sababu simu ni ya Kasuba, na yeye akipiga simu hufungua sauti nyumba nzima isikie. Haya ya leo si ya kusikiwa na mkamwana.

Unakumbuka binti yangu Mwansa alipoolewa nilimpa zile shanga zangu nyekundu. Nilikuwa nimeshakoma hedhi siku nyingi, sikuwa tena na haja ya kumtundikia mume shanga kitandani ajue hali yangu. Sasa tangu Januari damu imerudi. Inakuja, inakaa, inakwenda, inarudi. Mwanzo lilikuwa doa tu. Siku hizi natumia kitambaa, na harufu yake si ile ninayoijua. Tena nimechoka, Zelipa. Nikisonga ugali inabidi nikae katikati ya kazi, mwiko mkononi.

Niliwadokeza wanawake wawili wa kanisani. Mmoja alicheka, akasema nimerudi usichana, nitafute mume. Wa pili, Mama Kalaba, shangazi wa marehemu mume wangu, hakucheka. Alisema ni Baba Kasuba. Tangu tumzike hakuna aliyenisafisha, kwa hiyo mauti yake bado yamo mwilini mwangu na ndiyo yanayotoka. Mdogo wa marehemu, Kapambwe, ndiye wa kuja kutoka Mporokoso kunifunga ushanga mweupe mkononi ili marehemu aniache. Ameahidi kuja akishavuna ulezi wake. Basi nangoja ulezi.

Usimwambie mtu, na usinicheke sana.

Mtani wako,
Mama Kasuba


Chipata, 2 Juni 2014

Wewe mla tumbili,

Barua yako imenikuta miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, kwa hiyo swali lako la miguu limejijibu. Baba Tisauke ni mzima, anakoroma usiku na mchana. Watoto wazima. Panya wa mwaka huu wamenona kweli. Ningekutumia, lakini ninyi Wabemba hamjui chakula.

Umesema nisicheke. Sijacheka. Nimeisoma barua, nikaiweka, nikaisoma tena.

Mimi si dada yako. Dada angekuambia pole, Mungu atasaidia. Mimi mtani wako nauliza hivi: ile sufuria yako kubwa, ile marehemu aliyokuletea na treni kutoka Dar es Salaam, bado ipo? Haijatoboka? Maana ukiendelea kungoja ulezi wa watu nitakuja kuichukua matangani kwako. Ni haki yangu na hakuna Mbemba wa kunizuia. Nitavaa kofia ya mumeo, nitalala juu ya kaburi lako nidai pombe ndipo niondoke. Watu watacheka mpaka walie, na wewe utakuwa humo chini, huwezi kunijibu.

Mwanamke akishakoma, amekoma. Damu ikirudi baada ya hapo ni ugonjwa unabisha hodi, na mtu akibisha hodi unakwenda kuangalia ni nani. Wifi yangu wa Katete alikaa na damu ya hivyo miaka miwili akinywa mizizi. Kila mganga alikuwa na mti wake. Alipofika hospitali walimwangalia, wakamrudisha nyumbani na dawa za maumivu. Tulimzika Februari, ngoma za sherehe yetu Wangoni zinalia Mutenguleni na sisi tuko makaburini tunashindwa hata kusikia maombi.

Halafu mnamsingizia Baba Kasuba. Mtu yule akiwa hai hakuwahi kukuinulia mkono, leo amekufa ndiyo aje akutoe damu? Mwacheni mzee wa watu alale.

Nenda kliniki.

Mtani wako anayeingoja sufuria,
Mama Tisauke


Mpika, 20 Julai 2014

Mtani,

Natumaini mko wazima. Sisi tupo. Baridi ya mwaka huu imeingia mpaka kwenye mifupa, au ni mimi.

Ulezi umevunwa. Kapambwe alisema kwanza auze. Aliuza. Kisha akasema barabara mbaya. Wiki iliyopita ameleta neno jingine: ushanga ni mambo ya kanisa, yeye anataka desturi kamili, ile ya kulala na mjane. Unanielewa. Mimi mwenye miaka hamsini na minane, na mjukuu. Kasuba alimjibu kwa simu, sauti imefunguliwa kama kawaida yake, na majirani wote sasa wanajua. Kapambwe amenuna. Hata ushanga hauji tena.

Na usiseme sikwenda kliniki. Nilikwenda, nikakaa benchi mpaka nikaitwa. Nesi ni binti mdogo, ana mtoto anayenyonya, siku ile alikuwa naye hukohuko kazini amemfunga mgongoni. Akavaa glavu, akaniambia, "Mama, panda hapa, lala chali." Nikamtazama yule mtoto. Mjane ambaye hajasafishwa akiguswa pale, mauti ya mumewe humhamia aliyemgusa. Ndivyo nilivyofundwa, na mimi kungwi nimewafunda wasichana wa watu hivyohivyo miaka yote. Nikamwambia nesi kichwa kinaniuma. Akanipa panadol, nikarudi nyumbani.

Utasema ni ujinga. Huenda. Lakini mtoto yule akipata hata homa ya kawaida, mimi nitalalaje?

Damu sasa haikatiki. Nafua vitambaa alfajiri kabla mkamwana hajaamka. Tafadhali usinigombeze, sina nguvu ya kugombezwa.

Mtani wako,
Mama Kasuba


Chipata, 3 Agosti 2014

Mla tumbili,

Sikugombezi. Nimewauliza wazee wa huku, nikamuuliza na yule Mbemba mwenzenu aliyeoa hapa jirani, wakakubaliana, jambo ambalo si la kawaida. Mbemba akifa, nani anashuka kaburini kumpokea? Mtani. Nani anaigusa maiti yenu bila kuogopa? Mtani. Mauti yenu hayatupati sisi, tulishapigana nanyi zamani yakaisha.

Basi mauti ya Baba Kasuba nitayabeba mimi. Ushanga ninao, mweupe, nimeununua kwa Mhindi. Napanda basi Jumanne. Chemsha maji ya miguu.

Mama Tisauke


Mpika, 12 Oktoba 2014

Mtani wangu,

Samahani kwa kukaa kimya. Natumaini mguu wa kushoto umepungua baada ya safari ile, na Baba Tisauke amekusamehe kumwacha ajipikie. Mimi nipo, naandika nimelala.

Ushanga wako bado uko mkononi. Ulitumia uzi wa kushonea magunia, unawasha, lakini sithubutu kuubadilisha.

Siku uliyoondoka, basi lako lilikuwa halijafika hata Serenje, Kapambwe huyo. Muda wote ule barabara mbaya, lakini aliposikia Mngoni amefunga ushanga barabara ikanyooka, akapata lori. Hata salamu hakutoa.

"Nani amekufunga?"

"Zelipa."

"Mwanamke? Tena Mngoni? Huo si ushanga, huo ni mkia wa panya."

Mama Kalaba alikuwa kwenye mkeka anamenya karanga. Hakuinua uso. "Siku ya kumzika kaka yako, nani alishuka kumpokea?"

Kapambwe akajipangusa vumbi la lori.

"Mume wa huyohuyo Mngoni. Wewe ulikuwa nyuma kabisa, unaogopa viatu vyako visiingie udongo. Aliyeanza kazi nyumba yake ndiyo imeimaliza. Kaa ule, au rudi na lori lako."

Alikaa akala, Zelipa. Alikula sana.

Ya kliniki unayajua mpaka pale ulipoondoka. Nesi yule alinipeleka Kasama. Kasama wakanikwangua ndani, sitaki kukuelezea, wakapeleka kipande Lusaka tukangoja. Jibu lilikuja wiki iliyopita. Ni saratani ya mji wa uzazi. Daktari ni kijana wa Kilozi, alizungumza na mimi taratibu. Alisema bado imo ndani ya nyumba, haijatoka uani. Wataitoa nyumba yenyewe, kisha mionzi. "Mama, ungengoja miezi mingine sita, tungekuwa na mazungumzo mengine." Nikafikiria ulezi. Nikafikiria ule wa mwaka huu, na kwamba mwakani Kapambwe angekuwa na wa mwakani.

Naogopa. Nakuandikia wewe tu. Kwa Kasuba nasema sina hofu, naye anasema hana, tunadanganyana vizuri.

Mtoto wa nesi ni mzima. Nimemuulizia kila nilipokwenda, mpaka nesi akadhani namtafutia mjukuu wangu mchumba.

Jambo moja jingine. Siku ile nesi alikuuliza, "Na wewe mama, umeshapimwa shingo ya kizazi?" ukamjibu umekuja kwa ajili ya matanga tu. Tulicheka wote watatu. Nimelikumbuka neno hilo njiani kwenda Kasama, na safari hii sikucheka.

Mtani wako,
Mama Kasuba


Lusaka, 2 Desemba 2014

Mtani,

Nakusalimu kutoka benchi la mionzi. Mwansa ananishikia karatasi. Habari za nyumbani? Mvua zimeanza huko? Hapa zinanyesha mchana tu, wakati wa kutembelea wagonjwa, watu wanaingia wodini wamelowa.

Siku ulipokuja hapa wodini na panya wako wa kukausha ndani ya gazeti, wanawake wa Kibemba waliruka vitandani kama wasichana. Nilicheka mpaka mshono ukauma, na sista akakufukuza. Nilitaka kukuambia asante, lakini ulikuwa umeshafika mlangoni unagombana na mlinzi.

Sasa mshono umepona. Kilichobaki ni hii mionzi, kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Yenyewe haiumi. Unalala chini ya mashine, wanakuacha peke yako chumbani, inanguruma kidogo, basi. Kinachouma ni baadaye. Haja ndogo inachoma. Tumbo linakimbia. Ugali una ladha ya bati. Na uchovu, Zelipa. Nalala nimechoka, naamka nimechoka zaidi. Jana nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, nikakitazama cha pili mpaka Mwansa akaja kunivalisha.

Niliuhuzunikia ule mji wa uzazi. Sikutegemea. Nilidhani mwanamke wa umri wangu ataachana nao kama anavyoachana na nguo isiyomtosha. Lakini ndimo alimolala Kasuba, na Mwansa, na yule wa katikati aliyekaa nasi wiki tu. Nilimuuliza daktari kama naweza kuuona niuage. Alinitazama, akasema umeshakwenda maabara. Nililia kidogo chini ya shuka.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo binti wa Mongu, Namakau. Hajafika hata miaka arobaini. Yake ilikuwa ya shingo ya kizazi. Aliniambia hakuwahi kusikia chochote, si maumivu, si damu, mpaka siku aliyosikia, na siku hiyo ilikuwa imeshafika kwenye figo. Alikuwa akinisuka nywele jioni, anasema vidole vyake havipendi kukaa bure. Alhamisi tulirudi kutoka kwenye mionzi tukakuta kitanda chake kimetandikwa upya. Nusu ya kichwa changu imesukwa. Mwansa ametaka kumalizia, nimemkatalia.

Wageni wananiambia, "Mama, una nguvu." Sina. Ninakwenda tu kwa sababu jina langu linaitwa.

Mtani wako,
Mama Kasuba


Chipata, 21 Desemba 2014

Mla tumbili,

Heri ya Krismasi. Huku tuko wazima.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Utani hauji vizuri nikikukumbuka na hicho kiatu kimoja. Baba Tisauke anasema nikuandikie hivyohivyo, hata kama ni kuhusu kuku. Basi: kuku wangu wawili wamefariki, mmoja kwa ugonjwa na mmoja kwa Krismasi.

Yule binti wa Mongu nimemwombea kanisani kwa jina. Padri aliniuliza ni ndugu yangu? Nikasema ni ndugu wa mtani wangu.

Maliza hiyo mionzi urudi nyumbani. Acha nywele zikae hivyo kama unataka, sura yako haikuwahi kutegemea nywele.

Mtani wako,
Mama Tisauke


Mpika, 15 Machi 2015

Mtani wangu Zelipa,

Salamu kutoka nyumbani kwangu mwenyewe, kwenye mkeka wangu, chini ya paa linalovuja palepale. Mko wazima? Miguu je? Mkamwana amejifungua msichana, wamempa jina langu. Analia sana, na mimi nalala sana, kwa hiyo tunagawana siku.

Madaktari wamesema niko safi. Nitarudi kila baada ya miezi mitatu waniangalie. Kanisani walinisimamisha mbele, wakapiga vigelegele, mchungaji akasema ni ushindi. Niliwashukuru. Kisha nilitaka kukaa na hakuna aliyeniletea kiti, maana mtu aliyeshinda hakai.

Hakuna aliyeniambia kwamba kupona nako kunachosha. Nikitembea mpaka sokoni, kesho yake yote imekwenda. Mwilini mna mahali pamekuwa pagumu kama ngozi ya ngoma. Watu bado wananiletea mabibi harusi niwafunde. Nawafunda, lakini nimeongeza somo. Nawaambia: hedhi ikirudi baada ya kukoma, usingoje mtu, na nesi hafi kwa kukugusa. Mama zao wananitazama vibaya. Mmoja amempeleka binti yake kwa kungwi mwingine.

Uzi wa magunia ulikatika bafuni kule Lusaka. Ushanga niliuokota, uko ndani ya kikombe.

Sasa nakuja kwenye nililotaka kusema. Tangu Oktoba nilikudokeza, wewe unaniandikia habari za kuku. Umekwenda kupimwa? Mimi damu ilinibishia hodi, na kwa miezi minane nikamwacha mgeni mlangoni. Namakau hakubishiwa hodi. Ugonjwa wa shingo ya kizazi unaingia kimyakimya, na anayeukuta mapema ni yule anayekwenda kuutafuta. Na wewe una miaka arobaini na saba, uliyezika wifi, uliyenibeba mimi na mauti yangu, unamwambia nesi umekuja matangani.

Mimi pia ni mtani. Nina haki zangu. Ile sufuria huipati, wala mimi nikifa huipati. Nitamwachia Kapambwe.

Jibu upesi.

Mtani wako,
Mama Kasuba


Mpika, 24 Mei 2015

Kwa Zelipa Nzima,

Sijapata jibu. Tisauke alimwambia Mwansa kwa simu kwamba upo, ni mzima, unakwenda sokoni kila siku. Kwa hiyo barua umeipata.

Kuanzia leo nakuandikia kama mtu nisiye na utani naye. Ukiwa umekwenda, niandikie. Ukiwa hujakwenda, usiniandikie habari za kuku.

Chilufya Mwaba


Chipata, 21 Juni 2015

Mtani wangu, nakuomba unipokee,

Hujambo? Mtoto hajambo? Wewe unalala?

Barua yako ilinitisha kuliko ugonjwa. Tangu tulipokuwa majirani kwenye nyumba za reli hujawahi kuniita kwa jina la baba yangu. Baba Tisauke alipoiona alidhani imetoka mahakamani.

Nitasema ukweli ingawa hautanipendeza. Nilikuwa naogopa. Wifi yangu wa Katete alikufa mikononi mwangu, mimi ndiye niliyekuwa nikimfulia. Tangu siku hiyo kila nikipita kliniki navuka barabara niende upande wa pili, najifanya natazama vitenge. Kwako nilikuwa na sauti kubwa kwa sababu tumbo lilikuwa lako. Siku ile nesi aliponiuliza, nilitazama mlango. Nikatafuta mzaha upesi, nikaupata, mkacheka, nikapona.

Jumanne nilikwenda. Nilifika benchini, nikamkuta mwanamke wa Kibemba anayeuza viazi, akaniambia, "Mngoni, hata wewe? Nilidhani ninyi mnapimwa na panya." Nikamtukana, akanitukana, ikawa zamu yangu bila kujua.

Nesi alinilaza, akaingiza kile chuma chao, akapaka siki. Siki, Chilufya. Ileile ya kwenye chipsi. Akangoja, akaangalia na taa, akaita mwenzake naye akaangalia. Nikasema kimoyomoyo, sufuria ndiyo hiyo imekwenda kwa Kapambwe. Akaniambia, "Mama, kuna kidoa cheupe. Si saratani. Kingekaa miaka, kingeweza kuwa." Palepale wakakigandisha kwa kitu cha baridi kama barafu. Tumbo lilisokota kama siku ya kwanza ya hedhi, kisha likaacha. Nilikaa kidogo kwenye kiti, wakanipa chai. Nikarudi nyumbani Baba Tisauke hajaanza hata kuulizia chakula cha mchana.

Nitarudi waniangalie tena. Baba Tisauke ameambiwa asinisogelee mpaka mwezi uishe, basi analala sebuleni kama mgeni, na amekuwa na adabu sana.

Ni hayo tu. Nilivuka barabara miaka yote ile kwa jambo la asubuhi moja. Naona haya kukuandikia wewe uliyepita ulikopita. Sijui niseme nini zaidi.

Kama bado unaniita mtani,
Mama Tisauke


Mpika, 5 Julai 2015

Mtani wangu mla panya,

Nimekupokea. Sisi hatujambo. Mtoto ameota jino, na baridi imerudi.

Barua yako nilisomewa na Kasuba, maana macho yalikuwa yamechoka siku ile, na yeye husoma kama anavyopiga simu, nyumba nzima imesikia habari za Baba Tisauke na sebule. Walipokwisha kucheka niliichukua nikaenda nayo nyuma, pale penye kamba yako, nikalia. Nisikudanganye, haikuwa furaha. Nilikuonea wivu. Asubuhi moja, kikombe cha chai, umerudi nyumbani na kila kitu chako. Nilimwonea uchungu Namakau, kwamba kidoa chake nacho kilikuwa cheupe siku moja na hakuna aliyekimulika. Nilimkasirikia Kapambwe na ulezi wake, nikajikasirikia mwenyewe kwa kuungoja. Nililia mpaka nikachoka, na siku hizi sichelewi kuchoka.

Jioni ndipo furaha ilipokuja, nilipokuwa nachambua maharage. Nikasema peke yangu, basi Zelipa yupo. Mkamwana akauliza nazungumza na nani.

Mkamwana huyo amekwenda kupimwa Alhamisi, yeye na Mwansa, na mke wa mwalimu wa jirani. Mimi niliwasindikiza nikakaa benchini na mtoto mgongoni. Nesi yule ameniambia niwe nakuja kila Alhamisi kukaa tu, kwa sababu wanawake wakiniona hawakimbii. Nimemwambia nitakuja siku nitakazoweza, na nyingine sitaweza. Wanawake wakitoka wana njaa, kwa hiyo nawapikia.

Sasa kuhusu sufuria. Ina kazi. Ushanga wako nimeufunga kwenye mshikio wake, kwa uzi wa magunia uleule, ili kila mtu ajue ni ya nani. Lakini haitoki hapa mpaka niwe nimekufa, na utaingoja sana. Nimechoka, Zelipa, ila sina haraka.

Njoo Agosti. Maji ya miguu nitachemsha.

Mtani wako,
Mama Kasuba